Mkoba Usioweza Kuchomwa

Jioni ile ya Septemba, katika saa ambayo wanawake wa Mtaa wa Chemchemi hutoa viti vyao mlangoni wapunge upepo, Sajenti Fuensanta Jarillo alikuwa ndani ya chumba cha Nieves Cordón, amechuchumaa mbele ya droo ya nguo za ndani, na mlango wa mbele ulikuwa wazi. Angeweza kuufunga. Hakuufunga. Nyumba za mji wa Alcornal ni nyembamba na mitaa yake ni myembamba zaidi. Aliyekaa ng'ambo ya barabara huona mpaka rangi ya shuka.

Kilichotafutwa kilikuwa kitu kidogo: mkoba wa ngozi ya rangi ya asali, usiozidi kitabu cha sala kwa ukubwa, wenye mkanda mrefu wa kuvuka kifua na bizimu moja ya shaba. Ulikuwa umetoweka kabatini mwa karakana ya ushirika. Kwa bei ya dukani haukuwa mkoba wa kumpeleka mtu jela. Lakini huo ndio uliokuwa kielelezo cha ushirika mzima: ngozi ya ng'ombe wa milima ileile, iliyolainishwa kwa magome ya miti bila sumu ya kumwagwa mtoni, na ndani yake lebo yenye jina la aliyeushona, mtu mwenye mkataba na mshahara halali. Mnunuzi kutoka Denmark angefika kesho yake asubuhi kuukagua. Na kabla ya hapo, saa mbili usiku uleule, wanaushirika wangepiga kura kuamua kama Nieves abaki au afukuzwe. Kwani ndiye aliyetoka mwisho karakanani, na ndiye ambaye zamani aliwahi kushona mikoba bandia akatozwa faini. Katika Alcornal, anayefukuzwa na ushirika kwa wizi hapati tena meza ya kushonea mji mzima.

"Sajenti!" aliita Koplo Ginés kutoka jikoni. Ginés ni mtu wa kaskazini, na watu wa kaskazini hawajui kunong'ona. "Njoo uone!"

Kilikuwa kipande cha ukanda wa ngozi ya asali, chenye bizimu ya shaba mwishoni.

Fuensanta aliuinua kwenye mwanga wa dirisha. Ng'ambo ya barabara kiti kililia chini ya mtu aliyeinuka.

"Mama yangu wee, wameukuta!" alisema Nyanya Micaela, ambaye kwa sababu ya uziwi hufanya siri zake kwa kupiga kelele.

Nieves alikuwa amesimama kando ya jiko, mikono ameifumbata juu ya aproni. Hakuwa amesogea tangu walipoingia.

"Huu ni nini?" Fuensanta aliuliza.

"Ukanda wa shingo ya mbwa."

"Huna mbwa."

"Dada yangu anaye. Nimwite aje naye atoe ushahidi?"

"Ngozi hii ni ya karakana."

"Ni ya karakana."

"Umeipataje?"

"Muulize Amparo."

"Nakuuliza wewe, Nieves."

Nieves alitazama mlango uliokuwa wazi, kisha akatazama kofia ya Sajenti. "Tulikaa dawati moja mimi na wewe. Ungekuja bila kofia hiyo, ukafunga mlango, ningekujibu hata usichouliza. Umekuja hivyo ulivyokuja, basi nenda kamuulize Amparo. Na umalize kazi yako vizuri: kitanda alichofia mama hujageuza godoro."

Sajenti hakugeuza godoro. Aliutia ukanda katika mfuko wa ushahidi, mfuko ule wa plastiki unaoonyesha kila kilichomo, akatoka nao mkononi mbele ya viti vyote. Hakuna aliyemsalimu, lakini kila mtu aliutazama mfuko. Nyuma yake akamsikia Nieves akitoa kiti chake nje kama ilivyo desturi, akakiweka upande wake wa barabara. Wanawake wa ng'ambo wakasogeza vyao, mbali kidogo.

*

"Ijumaa," alisema Amparo Rincón, mwenyekiti wa ushirika, akiwa ameushika ukanda ule. "Kila Ijumaa tunagawana mabaki. Hatutupi ngozi, ni sehemu ya ahadi yetu. Na bizimu zenye mikwaruzo tunagawana vilevile. Hiki kipande nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe." Akainua uso. "Umepita nacho mbele ya mtaa mzima, Fuensanta?"

"Nimepita nacho."

"Hukuja kuuliza kwanza?"

"Sikuja."

Amparo aliurudisha ukanda mezani, akaunyoosha kwa kiganja, ingawa ulikuwa umenyooka tayari. Mwanga wa jioni uliingia karakanani kupitia madirisha marefu na kulala juu ya nyundo, misharasi ya kutobolea ngozi na vibonge vya nta. Fuensanta alivua kofia yake, akaiweka kando, akaanza upya, kama ambavyo ingempasa kuanza asubuhi.

"Ufunguo wa kabati?"

"Unaning'inia msumarini nyuma ya mlango. Hata paka anaujua."

"Mnunuzi angekagua nini hasa? Ngozi?"

"Ngozi ameshaikagua, ana karatasi zake. Angekagua mkono." Amparo alivuta kiti. "Wewe unajua mji huu. Mama zetu walishona majikoni, mlango umefungwa, kwa malipo ya kununulia mafuta ya taa, na mkoba ukatoka na jina la bwana fulani. Sisi tumeapa kwamba jina lililo ndani ndilo la mkono ulioshona nje. Kwa hiyo mgeni angekaa mbele ya Fundi Eulogio, mkoba uko mezani, naye Fundi angeshona ukingo mwingine pembeni yake. Mshono kwa mshono."

"Na sasa?"

"Sasa tutamwonyesha mkoba wa fundi mwingine, Rafaela, na Rafaela ndiye atakayeshona. Onyesho la Fundi limefutwa."

"Fundi alisemaje alipoambiwa?"

"Eulogio? Hakusema neno. Maskini, anaona aibu kwa niaba yetu sote."

Fundi Eulogio Barea alikuwa amekaa kwenye meza yake karibu na dirisha, akinywa kahawa. Aliishika glasi kwa mikono yote miwili, kama kasisi ashikavyo kikombe cha altare. Nusu ya mafundi wa Alcornal walijifunza kushika msharasi mbele ya meza ile, na nusu ya pili walifundishwa na wanafunzi wake. Fuensanta alipotoa pochi yake ili achukue kalamu iliyochomekwa ndani, uso wa mzee ulilainika.

"Bado unayo, mwanangu?"

"Tangu siku niliyoapa kazi, Fundi. Haijafumuka hata mshono mmoja."

"Haitafumuka."

"Jana uliniambia Nieves ndiye aliyetoka mwisho."

"Ndiye."

"Na unadhani ameuiba?"

"Uliniuliza nani alitoka mwisho. Nilijibu nilichoulizwa." Mzee alikuwa akizungumza na sakafu.

Fuensanta alimsogezea karatasi ya maelezo yake pamoja na kalamu. "Basi nitilie sahihi hapa."

"Sina miwani, mwanangu. Nitapita kituoni kesho."

Miwani ilikuwa katika mfuko wa shati lake, mshikio wake mmoja ukichungulia nje. Fuensanta aliiona. Akaona pia kwamba Fundi hakuigusa kalamu, na kwamba mikono yake ilirudi upesi kuikumbatia glasi ile, ambayo sasa ilikuwa tupu. Hakumsukuma. Aliirudisha karatasi mfukoni, akaaga.

*

"Gari jeupe tulilolishuku, lililoonekana kona ya karakana," alisema Ginés walipokuwa nje, "si la walanguzi wa Málaga. Ni la muuza magodoro. Ameniuzia na mimi mto."

"Ukaununua?"

"Alipunguza bei, Sajenti."

Fuensanta aliegemea ukuta wenye chokaa. "Mwizi wa kuuza haibi kimoja, Ginés. Kabatini mlikuwa na ngozi ghali kuliko mkoba huo mara kumi, na haikuguswa. Tuseme aliyeuchukua hakuutaka. Alitaka tu usiwepo kesho mezani. Wewe ungeupeleka wapi?"

"Ningeuchoma."

"Hapa? Ngozi ikiungua hunuka pembe na nywele. Kabla moshi haujavuka paa lako, jirani ameshabisha hodi kuuliza nani ameharibu kazi."

"Ningeuzika."

"Mbwa wangeufukua kabla ya chakula cha mchana."

"Mtoni, basi."

"Mto gani, Septemba hii? Mle mna mawe na mbuzi."

"Ningeukatakata kwa kisu, Sajenti, tuyamalize!"

"Wewe ungeweza. Mtu wa hapa, mkono ungemgomea. Mama yangu alikuwa akibusu mkate ulioanguka chini. Na ngozi ikianguka, aliibusu vilevile." Macho yake yakapanda polepole juu ya mapaa, mpaka kwenye mwamba na kikanisa cheupe kilichokaa juu yake. "Ungetafuta mahali ambapo mkoba mmoja zaidi hauonekani, Ginés. Na ambapo hakuna mkono utakaougusa."

Walipanda. Njia ni ya mawe, na Ginés alilalamika njia nzima kwa ajili ya magoti yake.

Watu wa Alcornal humpelekea Bikira wa kikanisa kile vitu vyao vya nadhiri: miguu ya nta kwa ajili ya mguu uliopona, suka za nywele, viatu vya watoto wachanga. Na kila karakana, ikibuni mkoba au pochi mpya, kazi ya kwanza haiuzwi. Hupandishwa huko juu na kutundikwa. Ukuta wa kushoto umejaa ngozi za vizazi vitatu, na harufu ya mle ndani ni ya nta na ghala la ngozi. Kilichotundikwa pale hakishikwi. Hata wezi wa kweli, na Alcornal imewahi kuwa nao, waliuheshimu ukuta ule.

"Ipo mingi," alisema Ginés, akihema.

"Tafuta usio na vumbi."

Haikuchukua muda. Ulikuwa nyuma ya mikoba miwili mikubwa ya enzi za bibi zao, umetundikwa kwa mkanda wake, na pale mkanda ulipogusa msumari palikuwa pamezungushiwa kipande cha karatasi laini.

"Mwizi gani huyu," alinong'ona Ginés, kwa mara ya kwanza, "anayekifunga alichoiba kisipate mkwaruzo?"

Fuensanta alipiga ishara ya msalaba, akautoa mkoba.

"Si mwiko, Sajenti?"

"Ni mwiko pia kutundika kisicho chako."

Alikaa kwenye benchi la mbele, chini ya mishumaa, akaiweka pochi yake juu ya goti moja na mkoba juu ya goti la pili. Pochi ilikuwa kazi ya Fundi Eulogio, bila shaka yoyote: Fuensanta alimwona kwa macho yake akiishona. Mkoba ulikuwa na jina la Fundi Eulogio katika lebo yake. Mishono ya pochi ilikuwa imelala kuelekea kulia, mmoja baada ya mwingine, kama shayiri iliyopigwa na upepo. Mishono ya mkoba ilikuwa mizuri vilevile, imekazwa sawasawa, haikuruka hata mahali pamoja. Lakini ilikuwa imelala kushoto.

"Aliyeushona huu anatumia mkono wa kushoto," alisema.

"Fundi ni wa kushoto?"

"Hapana."

"Basi ni nani?"

Fuensanta alipitisha kidole juu ya mishono. Katika kila harusi ya mji ule, mwanamke mmoja hutaniwa kwa namna anavyokata mkate. Aliukunja mkanda ndani ya kiganja chake, akasimama. Jua lilikuwa limegusa mlima.

*

Salud, mke wa Fundi Eulogio, alikuwa jikoni akimenya pilipili hoho zilizochomwa, kisu kikiwa katika mkono wa kushoto. Mumewe alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, mikono mapajani.

Fuensanta aliuweka mkoba mezani, katikati yao.

Salud alifuta vidole vyake kwa aproni, kimoja kimoja, kisha akausogeza mkoba mbali na mafuta ya pilipili. Alifanya hivyo kabla ya kusema lolote.

"Ulisema umepotea," alimwambia mumewe.

Eulogio hakuinua uso.

"Mama Salud," alisema Fuensanta, "mshono huu ni wako."

"Kuushona ni kwangu. Kuuiba sikujua." Alimgeukia mzee. "Eulogio! Nasema nawe. Ulisema umepotea."

Ndipo Fundi Eulogio alipoitoa mikono yake mapajani, akaiweka mezani. Haikutulia. Kisu kilichokuwa kando ya sahani kilianza kugonga ukingo wake, tiki tiki tiki, mpaka Salud akakiondoa.

"Tangu mavuno ya zeituni," alisema mzee. "Mwanzoni asubuhi tu. Nikasema itapita."

"Ungemwambia Amparo."

"Ningemwambiaje? Ni mimi niliyesimama mkutanoni, Fuensanta. Mimi! Nikasema, asiwepo tena katika mji huu mwanamke anayeshona jikoni bila jina. Wakanipigia makofi. Kisha nikaja nyumbani nikamletea huyu kazi hapa, katika meza hii, na mlango nikaufunga."

"Na jina ukatia lako," alisema Salud. Hakupandisha sauti.

"Na jina nikatia langu."

"Na Nieves?" aliuliza Fuensanta.

"Nilidhani mtasema umepotea tu, mambo yaishe. Sikumtaja mimi kwa wizi. Uliniuliza nani alitoka mwisho, nikasema kweli."

"Ulisema kweli, Fundi. Mimi nikaichukua kweli yako nikaenda nayo mpaka kwenye droo za nguo zake, mlango wazi. Hilo ni langu, nitalibeba mwenyewe. Lakini kura ni saa mbili."

"Nitakwenda kwa Amparo kesho alfajiri. Nitamwambia yeye peke yake, polepole..."

"Nieves hakupekuliwa faraghani."

Salud alifungua aproni yake, akaikunja, akaiweka juu ya kiti.

"Nyanyuka, Eulogio," alisema. "Vaa shati safi. Vifungo nitakufunga mimi."

*

Viti vilikuwa bado nje. Kiti cha Nieves kilikuwa peke yake upande wake wa barabara, naye alikuwa akivunja lozi ndani ya bakuli kama mtu asiye na haraka. Fuensanta alisimama mbele yake, kofia mkononi, ukanda wa mbwa katika mkono wa pili, nje ya ule mfuko wa plastiki.

"Nieves Cordón hakuiba kitu," alisema. "Mkoba umepatikana, na hakuuchukua yeye. Ukanda huu alipewa na ushirika, ni mali yake. Nilipekua nyumba yake kabla ya kuuliza nililopaswa kuuliza. Nilikosea."

Nieves alivunja lozi nyingine. "Nyanya Micaela hasikii vizuri," alisema. "Rudia."

Fuensanta aligeuka kuelekea viti vya ng'ambo, akarudia yote kwa sauti ya gwaride, mpaka madirisha ya juu yakafunguka.

"Nilisikia tangu mara ya kwanza," alisema Nyanya Micaela. "Lakini ya pili imenoga zaidi."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu kutoka chini ya mtaa walikuwa wakija Fundi Eulogio na Salud, yeye katika shati jeupe lililofungwa mpaka shingoni, mkewe ameuvaa mkoba ule, mkanda umevuka kifua chake. Mzee alisimama mbele ya kiti cha Nieves. Alitaka kuvua kofia ikamponyoka, akaiacha chini.

"Mkoba niliuchukua mimi," alisema. "Sikuushona mimi. Mikono yangu imekwisha. Aliushona Salud, nami nikauita wangu. Na walipokutazama wewe, nilinyamaza."

Nieves alinyoosha mkono kwa Salud, akaushika mkoba bila kumvua, akaugeuza upande wa mshono. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Wewe, Mama Salud?"

"Mimi."

"Ni mzuri kuliko wake wa ujanani."

"Najua," alisema Salud.

"Kamwambieni Amparo maneno haya kabla ya saa mbili. Wote wawili. Na wewe, Fundi, useme mbele yao hivihivi ulivyosema hapa, usipunguze."

"Sitapunguza, mwanangu."

Waliondoka kuelekea karakanani, Ginés akiwafuata na kofia ya mzee. Nyanya Micaela aliinuka, akakikokota kiti chake juu ya mawe, akivuka barabara kwa kelele nyingi, akakiweka kando ya kile cha Nieves na kuchota lozi bila kuomba.

Fuensanta alikuwa bado amesimama. Alinyoosha ukanda. "Nakurudishia."

Nieves hakuupokea. "Urudishe ulipoutoa," alisema. "Mlango uko wazi."

Sajenti aliingia. Aliuweka ukanda jikoni, juu ya rafu. Alipopita mbele ya chumba alizikuta droo zote zingali zimetoka nje kama alivyoziacha, nguo zimemwagika kitandani, na hakuna kilichoguswa. Aliingia humo, akaiweka kofia yake chini. Huko nje mazungumzo yalikuwa yamekoma, na macho ya mtaa yalikuwa yakiingia mpaka ndani, mpaka kwenye shuka. Alichukua vazi la kwanza, akalikunja, akalitia katika droo yake. Akachukua la pili.